Jioni Hii Mnakula Nini?

Wenye nyumba wengi wa Dodoma, ukiwafuata kutafuta pa kupanga, watakuuliza unafanya kazi wapi na una watoto wangapi. Yule wetu wa Nkuhungu aliyauliza hayo huku akipiga miayo, halafu akamgeukia mke wangu na kutoa swali alilokuwa amelitunza tangu mwanzo. "Na jioni mnakula nini?"

Mke wangu, ambaye kila mtu humwita Mama Neema, alidhani ni utani, akacheka. Mimi nilijibu kwa niaba ya familia, kwa sauti yangu ya vikaoni, kwamba sisi huwa tunazingatia mlo kamili.

Yule mama akanitazama kuanzia viatu hadi miwani. "Kamili ni nini na nini?"

Nikakohoa. Nikatazama dari kana kwamba ndiyo iliyonileta. Nyumba tulipewa, lakini nadhani tulipewa kwa huruma.

Jina lake sitalitaja, na hata ningelitaja wapangaji wenzangu wasingelitambua. Sote tulimwita Mama Mwenye Nyumba, uani na mtaani, na mwanangu mdogo Baraka aliamini kwa muda mrefu kwamba hilo ndilo jina alilobatizwa nalo. Alikuwa mama wa Kigogo, mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio mbali. Ukimwamkia "Shikamoo mama" asubuhi, alijibu "Marahaba" kama watu wote. Ukimwamkia jioni, alijibu "Marahaba, mmeshabandika?" na hapo alitaka jibu la kweli, si la heshima.

Karibu kila jioni, jua likishaanza kuzama, alikuja mlangoni na kibakuli kuomba chumvi. Mama huyu alikuwa na chumvi ya kutosha kukaushia ng'ombe mzima. Chumvi ilikuwa kisingizio cha kuingiza shingo ndani, na shingo ikishaingia macho yalikwenda moja kwa moja jikoni. Akiona sufuria inachemka, alichukua chumvi yake akaondoka bila neno. Akiona jiko limepoa, alikaa.

Kwetu alikaa sana.

Nieleze hali yetu ilivyokuwa, maana bila hivyo mtaona kama mama wa watu alikuwa mmbea tu. Tulihamia Dodoma kutoka Dar es Salaam wakati ofisi za serikali zinahama, mimi nikiwa na cheo chenye maneno mengi na kazi kidogo. Ofisi yangu ilikuwa Mtumba, sisi tukaishi Nkuhungu, yaani upande wa pili wa mji kabisa, kwa sababu mtu aliyechagua nyumba (ambaye ni mimi) aliangalia ramani kwenye simu akasema ni karibu. Mama Neema alipata kazi duka la dawa mjini, wanakofunga usiku ukishaingia. Mambo yote ya nyumbani yalimwelemea binti wa kazi tuliyekuja naye, na binti yule, kabla hatujamaliza hata kuning'iniza mapazia, alipata mchumba akaaga. Nilimpa mkono wa pongezi. Mke wangu akaniuliza ninampongeza nani.

Kuanzia hapo tulikula kama wasafiri. Leo mkate na siagi, kesho chips za kwenye mfuko mweusi, keshokutwa mkate uleule ukiwa umezeeka. Mara nyingi nilirudi nikawakuta Neema na Baraka wamelala kwenye kochi na sare za shule, mmoja ameshika kipande cha biskuti kama mtu aliyekufa na tiketi mkononi. Mimi nilikuwa na dawa ya hali hiyo: nilisema tujipange. Nilisema hivyo kila Jumapili. Siku moja nilichapa hata ratiba ya mlo ya wiki nzima ofisini, nikaibandika kwenye friji, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na muda wa kuipika, tuliisoma tu. Jumanne ilikuwa samaki.

Mama Neema alivumilia. Kisha jioni moja, akiwa anamvua Baraka viatu naye yuko usingizini, akasema kwa utulivu ulionitisha kuliko kelele, "Shule zikifunga nawapeleka Muheza kwa mama."

"Kutembea?"

"Kusoma. Watasoma hukohuko. Angalau watakula."

Mama mkwe wangu anapika vizuri, hilo hata mimi siwezi kulipinga, na nilipotaka kusema kwamba mtoto hulelewa na wazazi wake nikaona ratiba yangu pale kwenye friji. Ndivyo tulivyoishi muhula ule: shule zikifunga, watoto wanaondoka, isipokuwa kama tungeweza kufanya jambo ambalo nyumba za watu maskini kuliko sisi zilikuwa zinalifanya kila siku bila ratiba.

Mama Mwenye Nyumba alijua. Sikumwambia mimi, lakini kwenye ua mmoja siri hubaki siri kwa aliyelala mapema tu. Akawa ananikuta getini narudi na begi la kompyuta, jua limeshazama, ananiimbia, "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, Baba Neema." Nilikuwa nacheka kwa adabu. Ndani nilikuwa naumia.

Alikuwa na msimamo wake juu ya chakula cha jioni, na msimamo wenyewe haukuwa na mapambo. Chakula cha jioni, alisema, ni kile kinachoiva kabla mtoto hajalala. Basi. Kikiiva baada ya hapo ni kiporo cha kesho, hata kama kina nyama ya mbuzi. Kwa hiyo aliheshimu kila kitu kinachoiva upesi. Dagaa wa kukaanga na nyanya nyingi. Mayai mawili yaliyotandazwa kwenye mchicha mpaka yakaonekana sita. Karanga za kusaga, ambazo alizitia kwenye kila kitu isipokuwa chai. Na mlenda, lakini si huu mbichi wa sokoni tu. Alikuwa na mifuko ya mlenda mkavu, majani ya porini yaliyovunwa wakati wa mvua, yakaanikwa na kutwangwa mpaka yakawa unga wa kijani. Maji yakichemka unanyunyiza, unapekecha, unatia karanga na chumvi, na kabla mwenzako hajamaliza kusonga ugali mboga iko tayari. "Huu ndio chips wetu," alisema, "ila hauna mafuta ya juzi."

Siku ambazo hapakuwa na kitu kabisa, aliamuru uji. Nilimwambia uji ni wa asubuhi na wa wagonjwa. "Uji ni chakula," akanijibu. "Aibu ndiyo si chakula."

Yeye ndiye aliyetufundisha choroko za chupa. Asubuhi unaosha choroko, unazitia kwenye chupa kubwa ya chai, unamimina maji yanayochemka na kufunga. Ukirudi jioni zimelainika, kazi yako ni kukaanga kitunguu. Nililipenda jambo hili kwa sababu lilinifanya nijione mtaalamu wa nishati. Nikawaeleza hata wenzangu ofisini, nikachora mchoro. Sikujua kwamba utaalamu wenyewe unaishia kwenye kukumbuka chupa ipi ina nini. Mzee wa kanisa alitutembelea Jumamosi moja jioni, mtu wa makamo, mpole, aliyevaa koti katika joto lile. Nikamkaribisha, nikaweka kikombe mbele yake, nikamimina. Yalitoka maji ya kijani, halafu kimya, halafu choroko zikaporomoka zote pamoja mpaka kwenye kisosi. Mzee yule alikitazama kikombe kwa muda. Kisha, kwa adabu ya Kikristo ambayo sijaiona tena, akauliza kama kuna sukari.

Mama Mwenye Nyumba aliisikia habari hiyo kabla mzee hajafika getini. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo, nikipita na wageni, aliuliza kwa sauti kama tayari wameshakunywa choroko.

Msidhani alikuwa malaika wa jikoni. Chakula chake kilizidi chumvi, na hakuna mpangaji aliyethubutu kumwambia. Alishikilia kwamba ndizi ukila usiku unaota unakimbizwa, na alimnyang'anya Neema ndizi mdomoni akitaja mtu wa Majengo aliyekula ndizi usiku akaamka barabarani. Gesi aliichukia. Mtungi wetu aliuita bomu, alipita mbali nao, na alitutabiria kwamba siku moja Nkuhungu nzima itatuzika. Lakini mkaa wake ukilowa tu, sufuria yake ilitangulia mlangoni kwetu. "Nibandikie hapo kwenye bomu," alisema, kisha akasimama nje mpaka maji yachemke.

Na kuhusu chips, ambazo alizihubiri kila siku kwamba ndizo zinazoua ndoa za vijana, nina ushahidi wa macho yangu. Nilikuwa Majengo siku moja nanunua vitunguu, nikaona mgongo ninaoufahamu kwenye benchi la muuza chips, umeipa barabara kisogo, khanga imevutwa mpaka kwenye nyusi. Mbele yake chips mayai, kachumbari pembeni, pilipili haikuachwa nyuma. Nikamwamkia. Hakushtuka hata kidogo.

"Marahaba. Nimekuja kuangalia wanavyowaua watu."

Akaendelea kuangalia mpaka sahani ikawa nyeupe. Kisha akaomba kijiti cha meno, akaniambia niende nyumbani, watoto wana njaa.

Sasa nifike kwenye zamu. Uani tulikuwa nyumba tatu: yeye mwenyewe, sisi, na Mama Zuhura, Mrangi kutoka Kondoa aliyeuza nafaka Majengo na mumewe, wenye watoto watatu wenye makoo mazuri ya kulilia. Mama Zuhura naye alirudi amechoka, nguo zimejaa vumbi la mtama, naye pia alikuwa akilisha watoto wake chochote kilichokaribia mkono. Mama Mwenye Nyumba akatuita siku moja, akasimama katikati kama hakimu, akasema ameshachoka kuona majiko matatu yanahangaika kupika sufuria tatu za ugali ambazo ni ugali uleule.

"Huyu asonge ugali wa wote. Huyu apike mboga ya wote. Wa tatu apumzike, ataosha vyombo. Kesho mnageuza. Watoto wanakula hapa, sinia moja, kabla giza halijaingia."

Mama Zuhura akauliza juu ya nyama, maana sisi Wakristo. Ikaamuliwa kwamba nyama ikipatikana itatoka kwa mchinjaji wake, na kwamba kwa jinsi mifuko yetu ilivyokuwa swali hilo lingeweza kusubiri. Mke wangu akakubali palepale. Mimi nilitaka kupendekeza tuanze na majaribio, tufanye tathmini. Mama Mwenye Nyumba akaniambia tathmini ni mimi, zamu yangu ya mboga ni Jumatano, na Mama Neema atakuwa kazini kwa hiyo asitegemewe.

Niliomba ruhusa ofisini nikatoka mapema. Nikafika nyumbani nikiwa na furaha ya mtu asiyejua. Mama Zuhura alikuwa anasonga ugali upande wake. Mimi nilikuwa nimepewa mfuko wa mlenda mkavu, nyanya, karanga na upekecho, kile kijiti cha kuvurugia. Kazi ya muda wa kuchemsha maji, waliniambia. Nikavaa aproni. Nikapiga picha, nikamtumia mke wangu.

Mimi nilifundishwa utotoni kwamba majani huoshwa kabla ya kupikwa. Hilo ni jambo jema na ninalisimamia. Basi nikachukua ule unga wa mlenda, nikaumimina wote kwenye chujio, nikafungulia bomba.

Kwa anayejua mlenda sina haja ya kuendelea. Kwa asiyejua, niseme tu kwamba ule unga uliamka. Ulinenepa, ukashika chujio, ukashika mikono, ukateremka kwenye sinki taratibu kwa kamba ndefu ambazo hazikukatika. Nilipovuta kwa mkono wa kulia ukahamia kushoto. Nikafungulia maji zaidi ili uondoke, na maji yale yakaupa nguvu mpya. Sinki likaziba. Neema alikuwa amesimama mlangoni na wenzake wanne wa uani, na hakuna hata mmoja aliyefumba mdomo.

"Baba," Baraka akasema, "hayo ni makamasi ya nani?"

Niliokoa kilichookolewa, nikakitia kwenye sufuria. Nilipokipekecha kikazunguka kizima kizima, pamoja na upekecho. Wakati huo ugali wa Mama Zuhura umeshaiva, jua linashuka, watoto wamezunguka sinia tupu. Nilijua mke wangu akirudi atakuta nini: watoto wake wana njaa kwenye siku ambayo baba yao aliomba ruhusa ili wasiwe na njaa. Nitasema ukweli, nilitaka kulia. Niliiona Muheza waziwazi, na stendi ya mabasi, na mimi nikipunga mkono.

Mama Mwenye Nyumba akaja. Akainamia sufuria. Akachota kidogo kwa kidole, akakivuta, akakitazama kikirudi.

"Hii Baba Neema si mboga. Hii ni gundi ya fundi viatu." Halafu akawageukia watoto. "Nani ana njaa?"

Wote.

"Basi Baba Neema anawapikia mchuzi wa karanga. Mlenda huu alikuwa anawatania tu."

Akanisukuma kwenye jiko, lakini mwiko hakuushika. Alisimama nje ya mlango, mbali na bomu, akanitukana hatua kwa hatua. Kata nyanya, si hivyo, unamkata nani. Kitunguu. Mafuta kidogo, huchomi maandazi. Karanga sasa, koroga, koroga, usisimame unafikiria. Maji. Chumvi, ongeza, ongeza tena. Mchuzi ukatoka, mzito, wa rangi ya udongo, chumvi juu ya kiwango chake. Watoto wakaulia ugali mpaka sinia likang'aa.

Mama Neema alipoingia getini aliwakuta wanamsubiri wampe habari. Walimpa wote kwa pamoja, Neema akiigiza mimi ninavyopigana na sinki, Baraka akiwa mlenda. Mke wangu alikaa kwenye ngazi na mkoba wake begani, akacheka mpaka akaomba maji. Nilikuwa sijakisikia kicheko kile tangu tuhamie. Niko tayari kuziba sinki lolote kwa ajili yake.

Lakini kucheka si kubadili mawazo. Zamu iliendelea vizuri, na Jumatano zangu zilianza kulika, ila mke wangu alikuwa ameshampigia mama yake, na mama yake alikuwa ameshazungumza na mwalimu mkuu wa huko. Mke wangu alisema zamu ni nzuri lakini ni ya majirani, nao majirani huhama. Shule zilipokaribia kufunga begi likatolewa juu ya kabati. Nguo za watoto zikaingia, zikikunjwa na mimi, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee nyumbani ninachokifanya vizuri.

Alasiri ile Mama Mwenye Nyumba aliingia na ungo wa karanga ambazo hazijamenywa. Hakuomba chumvi. Alikaa kwenye mkeka karibu na begi, akampa mke wangu sehemu ya kumenya, na mimi akanipa sehemu ndogo zaidi, kama mtoto.

"Mimi nilikuwa kiwanda cha mvinyo," alisema. "Zamu. Msimu wa zabibu ukiingia unatoka gizani, unarudi gizani. Watoto wangu wawili, baba yao hayupo. Nikawakuta wamelala njaa mara ya kwanza, mara ya pili. Nikasema hawa watanifia mikononi. Nikawapeleka kijijini kwa mama yangu. Kwa muda tu, nilisema, mpaka nijipange."

Akamenya.

"Walinenepa. Sikudanganyi, Mama Neema, walinenepa wakapendeza. Kula walikula."

"Halafu?" mke wangu akauliza.

"Halafu hizi karanga zina wadudu. Hebu ziangalie."

Akainamisha kichwa kwenye ungo akawa anatafuta wadudu, na hapakuwa na wadudu. Alipoondoka mke wangu alibaki mkekani muda mrefu, ameshika karanga moja ambayo hakuila. Kisha akauliza kesho ni zamu ya nani kusonga ugali. Nikasema ni yetu.

"Basi kanunue unga," akasema. "Na begi hili lirudishe juu, linazuia njia."

Nilikwenda kununua unga. Njiani nililia kidogo, nikasingizia vumbi la Nkuhungu, ambalo kwa bahati nzuri halikosekani.

Tuliishi kwake mpaka Neema alipofika sekondari. Kisha tukapata nyumba Area D, Mama Zuhura naye akahamia karibu na soko, na ile zamu ikafa kama mke wangu alivyotabiri. Kufikia hapo tulikuwa tumeshajua kupika tukiwa tumechoka, jambo ambalo nadhani ndilo alilokuwa akitufundisha. Watoto wangu wanaweza kuandaa chakula cha jioni wakati mtu mwingine anatafuta mwiko. Mimi bado nina Jumatano.

Nilikwenda kumwona mara ya mwisho mwaka jana, Jumapili jioni, peke yangu. Uani kumebadilika. Wapangaji wapya ni vijana wazuri, kila mmoja na mlango wake uliofungwa, na nilipokuwa naingia bodaboda alikuwa anamkabidhi mmoja wao chakula kilichofungwa kwenye boksi. Mama Mwenye Nyumba alikuwa barazani kwake. Amepungua mabega, anatembea na fimbo, lakini ile sauti ipo. Mbele yake ugali wa uwele umefunikwa, mlenda, na sahani mbili.

"Karibu. Mwanangu anakuja leo," akaniambia. "Yule mkubwa. Huwa anakuja mwisho wa mwezi."

Mwanawe akaja tukiwa bado tunajuliana hali. Baba wa makamo, shati limenyooka, kwenye gari amebeba mfuko wa unga, mafuta na sukari. Akavipeleka vyote ndani mwenyewe. Akatoka, akainama, "Shikamoo mama," akampa mikono miwili. Akanisalimia na mimi vizuri. Akakaa kwenye ukingo wa kiti, funguo za gari zikiwa kiganjani, akamuuliza kuhusu presha, kuhusu dawa, kuhusu bati lililokuwa linavuja.

"Kuna ugali hapa, mwanangu," mama yake akasema. "Na mlenda. Umeshaiva."

"Nashukuru sana, mama. Nimeshakula. Usihangaike."

Nilisubiri. Nilimfahamu mama huyu. Nilimwona akimlazimisha fundi wa umeme kula ugali akiwa juu ya nguzo, au karibu hivyo. Nikangoja amuulize mwanawe ameshiba nini na nini. Alisema, "Haya, baba," akakirudisha kifuniko mahali pake.

Mwanawe alikaa kidogo, akaaga kwa upole, akampa tena mikono miwili. Tukasikiliza gari likitoka.

"Ana adabu sana," nikasema, maana ilinibidi niseme jambo.

"Sana. Bibi yake alimlea vizuri."

Hapo simu yangu ikaita. Spika ya simu yangu imeharibika, ukipokea mtaa mzima unasikia, na mtaa mzima ukamsikia Neema. "Baba, uko wapi? Si ulisema unafuata nyanya? Ugali umeshaiva, Baraka ameanza kula mkavu, mama naye anakuja. Sasa tule na nini, na maelezo yako? Kila siku wewe! Kila siku!" Akakata kabla sijajitetea.

Niliona haya hadi masikioni. Kugombezwa na binti yako mbele ya mtu mzima, tena mtu mzima huyu! "Nisamehe mama," nikasema. "Watoto wa siku hizi midomo yao haina breki. Nitamkanya."

"Usimkanye."

Alilisema haraka, akaishika fimbo kana kwamba anataka kusimama. Hakusimama. Alikuwa akiitazama simu mkononi mwangu, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona miaka yote ile, hata siku ya karanga. Ulikuwa wivu, wivu mtupu wa mama.

"Wangu hajawahi kunigombeza," akasema. "Hata siku moja."

Kisha akavuta kikapu kilichokuwa chini ya kiti, akatoa nyanya, akazifunga kwenye pindo la khanga kuukuu na kunisukumia kifuani kwa mikono yote miwili.

"Nenda, Baba Neema. Unasubiriwa."